Mama Atatoka Miwa Ikikatwa

Nilikuwa kwenye kiti cha kinyozi hapa mjini Kakamega, nusu ya kichwa imekwisha kunyolewa na nusu inangoja, simu iliponiletea habari kwamba yule mama wa hoteli ya Mayoni hatunaye tena. Kinyozi alizima mashine akaniuliza kama aendelee, nami nikamwambia amalize, maana hakuna anayeweza kutoka nje na kichwa cha namna ile hata kama amefiwa. Mama huyo alilazwa Jumatatu kwa sababu ya presha, Alhamisi akawa ameondoka. Ninyi mnaosoma ukurasa huu kila wiki mnajua kwamba mwaka huu nimewaandikia wafu wengi kuliko walio hai, na mhariri wangu ameanza kuniuliza kwa upole kama sina habari nyingine. Sina. Nimechoka na mahema, nimechoka na viti vya plastiki, nimechoka na vipaza sauti vinavyojaribiwa tangu asubuhi, moja mbili, moja mbili. Lakini huyu siwezi kumpita kimya, kwa sababu kuna jambo aliniuliza akiwa hai, nami nikamjibu vibaya.

Hakuwa mtu mkubwa. Alikuwa na hoteli ya mabati kando ya soko, meza nne na benchi, na sufuria moja kubwa ya obusuma, yaani ugali, ambayo ilikuwa haijawahi kumwaibisha. Siku za soko alichinja ingokho, kuku wa kienyeji, wawili watatu, na aliyechelewa alikula mboga bila kulalamika, kwa kuwa mwenye hoteli alikuwa na ulimi. Mimi alipenda kunichokoza. Kila nilipoingia aliuliza kwa sauti, wateja wote wasikie, "Karani, leo utakula obusuma ama nikukatie miwa?" Watu walicheka bila kujua wanachekea nini. Yeye na mimi tulijua. Na nikimaliza kula alinisindikiza hadi mlangoni, akifuta mikono kwa aproni, akiniuliza habari za nyumbani kwangu kwa makini ya mtu anayetaka kujibiwa kweli.

Jina hilo la karani lilitoka mbali, miaka thelathini na zaidi iliyopita, kabla sijajua kwamba mtu anaweza kula kwa kuandika. Nilikuwa kijana niliyetoka shule juzi, nikapata kibarua cha kuzunguka mashambani na wakataji miwa. Kazi yangu ilikuwa kubeba fomu. Shamba likikatwa lote, niliandika kwamba limekatwa lote, trekta ikaja na trela zake, tukahamia shamba jingine. Aliyekulia ukanda huu wa miwa hahitaji kuelezwa jinsi kila kitu kilivyokuwa kikisubiri siku hiyo. Mtoto akiomba viatu, aliambiwa miwa ikikatwa. Paa likivuja, miwa ikikatwa. Harusi, sare ya shule, godoro, meno ya bibi, yote yalikuwa miwa ikikatwa. Na miwa haina haraka. Inakaa shambani mwaka na nusu ikikomaa, kisha inakaa tena ikingoja zamu yake, inatoa maua, inaanza kulala, na wewe bado unawaambia watoto maneno yale yale. Tulilelewa kwa ahadi hiyo moja, nasi tukawalea wengine kwayo bila kufikiri.

Marehemu alikuwa na miaka kumi mama yake alipofariki. Mdogo wake wa kiume alikuwa na mitano. Ng'ombe wa mahari hawakuwa wamekamilika, kwa hiyo ndugu za yule mama walikuja kumchukua maiti wao wakamzike kwao, upande wa Khwisero. Watu wazima walikwenda huko wakiwa na uchungu na aibu, watoto wakaachwa na bibi yao, kwamba ugomvi wa wakubwa si mahali pao. Siku tatu baada ya mazishi wote wa boma lile walinyolewa nywele kama desturi ilivyo, wakubwa kwa wadogo, kila mmoja kwa zamu yake mbele ya wembe wa shangazi yao mmoja, senje kama tunavyoita huku, na kazi za shamba zikaendelea. Basi boma likabaki bila mama na bila kaburi. Msichana alikuwa amesikia vya kutosha kupitia ukutani kujua kilichotokea. Yule mdogo hakuambiwa lolote na mtu yeyote, na kila jioni alimwuliza dada yake mama yuko wapi. Siku moja, amechoka kuulizwa, msichana alimjibu kama alivyozoea kujibiwa yeye: mama atatoka miwa ikikatwa.

Aliniambia miaka mingi baadaye kwamba aliyatamka maneno hayo ili apate nafasi ya kuosha vyombo. Lakini mtoto aliyashika, na kesho yake akauliza kama mama yuko ndani ya miwa. Msichana akasema ndiyo. Kutoka hapo alilazimika kuendelea, na ninavyomjua, nadhani alianza kuendelea kwa raha. Miwa yao wakati huo ilikuwa imefika kiunoni mwa mtu mzima. Walisafisha mahali katikati ya shamba, padogo kama jiko, wakaweka mafiga matatu, kopo la mafuta ya kupikia na vizibo vya soda viwe vikombe. Hapo ndipo kwa mama. Kulikuwa na sheria. Mama haitwi kwa sauti. Majani makavu yakisuguana bila upepo, mama anapepeta mahindi. Ukikuta unyayo kwenye udongo laini, usiukanyage. Wakitoka shule walipita huko kwanza, wakapiga hodi kwenye mua wa pembeni, wakamweleza mama habari za siku: nani alipigwa, nani alikuja na chapati, mwalimu yupi alivaa soksi mbili tofauti. Miwa ilikua, wakawa wanaingia wameinama, kisha wamesimama, mpaka ikawapita wote wawili na hakuna aliyeweza kuwaona kutoka nyumbani.

Mimi sikujua lolote kati ya haya siku tulipofika na mapanga. Nilichoona ni mtoto wa miaka saba hivi amesimama pembeni mwa shamba, ameoga, amepakwa mafuta usoni, amevaa shati la shule siku isiyo ya shule. Hakuongea na mtu. Wakataji walianza upande wa barabara, mstari kwa mstari, naye alisogea nao, hatua yao hatua yake, macho yake kwenye miwa. Nikadhani anapenda trekta. Kisha dada yake akanijia na kunisalimia kwa adabu zote.

"Karani, lazima mkate yote?"

"Yote," nikamwambia. "Kwani kuna nini?"

"Hapo katikati mwache kidogo tu. Mbakishe hapo."

Nikacheka. Nilikuwa na fomu na nilikuwa na kofia, na mtu mwenye vitu hivyo viwili akiwa na umri ule huona dunia nzima inamchelewesha. Nikamwuliza miwa ya kubaki ni ya nini, ya kutafuna? Ndipo akanieleza, haraka haraka, akimwangalia mdogo wake asisikie. "Nilimwambianga mama atatoka mkikata. Sasa mkikata yote na hatoki, nitamwambia nini?" Nililielewa swali lile vizuri sana. Nilimwambia shamba linakatwa lote ama halikatwi, trekta inangoja, na kwamba kama alimdanganya mtoto basi ni wakati wa kumwambia ukweli. Nilisema hivyo kwa mtoto wa miaka kumi na miwili ambaye hakuna mkubwa aliyewahi kumwambia yeye mwenyewe ukweli huo usoni. Halafu nikaenda kutafuta kivuli.

Nyapara wa wakataji alikuwa mzee mfupi wa maneno machache, na alikuwa amesikia. Hakuniuliza. Nilipoinua macho nikaona shamba limelala lote isipokuwa kipande kimoja katikati, kama ukubwa wa jiko, miwa imesimama wima peke yake. Nikamwita, "Mzee, hapo kumebaki!" Akanijibu bila kugeuka, "Karani, panga yangu imechoka. Hiyo tutamalizianga baadaye." Na wanaume wote kumi na wawili wakaketi chini, wakaanza kunywa maji kana kwamba ndivyo ilivyopangwa. Kila mtu akawa anamtazama yule mtoto bila kumtazama.

Mtoto alivuka mabua yaliyokatwa, akafika, akapiga hodi kwenye mua wa pembeni. Akaingia. Alikaa humo muda ambao kwangu ulikuwa mrefu sana. Dada yake alikuwa ameshika mdomo kwa mikono miwili. Kisha mtoto akatoka, ameshika lile kopo la mafuta, akaja moja kwa moja hadi kwa dada yake na kumwambia, "Hayuko. Ametoka na upande ile ingine." Akamshika mkono, wakaenda nyumbani. Dada ndiye aliyekuwa akilia. Mzee nyapara aliinuka, akakikata kile kipande mwenyewe, peke yake, akakibeba hadi kwenye rundo. Nami nikaandika kwenye fomu kwamba shamba limekatwa lote.

Yule msichana sikumwona tena kwa miaka mingi, mpaka siku niliyoingia hotelini mwake kwa njaa tu na akanitambua kabla mimi sijamtambua. "Wewe ndiye yule karani alinikatalia," akasema, akaniongezea kipande cha kuku. Tangu hapo tukawa watu wa karibu. Alikuwa ameolewa mbali, ndoa ikavunjika, akarudi kwao na binti mdogo, na nduguye akampokea bila maneno mengi na kumkatia mahali pa kujenga. Mambo hayo alinieleza kwa utani. Jambo moja tu hakulitania. Miaka miwili iliyopita, wateja wamekwisha kuondoka, aliketi mbele yangu kwenye benchi na kusema: "Mimi nilidanganya ndugu yangu miaka mbili nzima, karani. Alikuwa anaoga kila Jumapili aende aone mama. Hiyo kitu inanisumbuanga. Kila nikimwangalia naona hiyo shati ya shule. Nimwombe msamaha?"

Nilikuwa nimeshiba na nina haraka ya kurudi mjini. Nikamwambia, "Achana nayo, mama. Alikuwa mtoto. Alishasahau zamani. Ukimwamshia hayo utamuumiza bure." Alinitazama kidogo, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa dawa na daktari, akainuka kuosha sufuria. Hakuniuliza tena. Mara ya kwanza alipotaka msaada wangu nilimwambia aseme ukweli, mara ya pili nikamwambia anyamaze, na mara zote mbili nilikuwa naangalia saa yangu.

Tulimzika Jumamosi. Palikuwa na manung'uniko kidogo, kwa kuwa binti aliyerudi kwao kutoka ndoani, kwa desturi, wazee wangetaka awekwe kando ya ua, mbali na mlango, na nduguye alikataa katakata. Alisema kaburi litakuwa katikati ya shamba, pale alipoonyesha kwa mkono, ambapo siku hizi pana mahindi. Miwa waliing'oa miaka kadhaa iliyopita, walipochoka kungoja trekta kama walivyochoka majirani wao wengi. Wazee walimwona ni mwenye kichwa kigumu. Mimi nilijua ni mahali gani pale, nami nikatamani ardhi inimeze. Zamu yake ya kuzungumza ilipofika alishika kipaza sauti kama mtu ambaye hajawahi kukishika, fundi wa baiskeli huyu, mpole, mikono bado ina grisi kwenye mikunjo. Hakusoma historia ya marehemu. Alisimulia juu ya jiko la ndani ya miwa, vizibo vya soda, na hodi. Watu wakaanza kutabasamu. Kisha akasema jambo ambalo sijapata usingizi mzuri tangu nilisikie.

"Mimi nilijuanga," alisema. "Nilipoingia darasa la kwanza, mwenzangu mmoja alikuja shule amenyolewa kichwa. Mwalimu akasema tumpe pole, baba yake amekufa. Mimi nikashika kichwa yangu. Nikakumbuka wembe wa senje. Nikakumbuka sisi wote tulinyolewa siku moja. Siku hiyo nikajua mama alikufa. Lakini dada yangu alikuwa anapenda hiyo hadithi sana. Nikasema nikimwambia, atalia. Nikaendelea kuenda na yeye kusalimia mama, ndio asibaki peke yake." Akaligeukia jeneza. "Siku miwa ilikatwa nikamwambia mama ametoka, ndio apumzike. Sikuwahi kumwambia nilijua. Nilikuwa nangoja siku mzuri."

Wasomaji wangu, nimehudhuria mazishi mengi, na nimesikia maneno ya kupanga na ya kutopangwa. Pale nilisimama na kofia mkononi nikihesabu miaka ambayo watu wawili waliishi hatua hamsini kutoka mlango hadi mlango, kila mmoja akimlinda mwenzake na jambo ambalo wote walilijua. Mmoja alikufa akiamini kwamba alimkosea mtoto. Alikuwa ametaka kulisema, na mtu mmoja tu ndiye aliyemzuia. Sina mtu mwingine wa kumlaumu, nimejaribu kumtafuta.

Nilirudi Jumanne, siku ya kunyolewa. Ningeweza kutuma salamu tu, kama tunavyofanya sote. Nilimkuta ndugu amekaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba, ndoo ya maji kando, wembe mpya kwenye karatasi yake. Nikamwambia yote, swali la dada yake na jibu langu, bila kujipaka rangi nzuri. Alisikiliza hadi mwisho. Niliogopa atanifukuza, na kwa kweli ningependa anifukuze. Badala yake alifunika uso kwa ile mikono yake ya grisi, mabega yakatikisika, na kwa muda sikujua kama analia au anacheka. Alipoufunua uso, yote mawili yalikuwapo. "Sasa sisi tulikuwa tunafichana nini?" akaniuliza. "Mama alikuwa wetu sisi wawili."

Hapo ndipo binti wa marehemu alipopita, msichana wa miaka saba, ameshika kikombe cha chai. Siku ya mazishi wanawake walikuwa wamempeleka kwa jirani mbali na boma. Walimwambia mama bado yuko hospitali, hospitali ya mbali, na wote tulikubaliana kwamba ataambiwa akikua kidogo. Hata mjomba wake alikubali. Hakuna aliyeona kwamba tumerudia maneno yale yale ya miwa, tumebadilisha mahali tu. Mjomba alimwangalia, akaangalia wembe, kisha akamwita aketi mbele yake. Shangazi mmoja alianza kukohoa kwa onyo. Hakumjali.

"Leo tunanyolewa," akamwambia. "Wewe na mimi. Tunanyolewa kwa sababu mama yako alikufa. Hatarudi. Tulimzika hapo kwa mahindi, na nitakupeleka uone. Ukitaka tupajengee nyumba ya kucheza hapo, tutajenga, na tutapiga hodi. Lakini kwanza ujue."

Mtoto hakulia mara moja. Aliweka kikombe chini taratibu ili chai isimwagike. "Najua, khotsa," akasema, kwa jina ambalo watoto wa huku humwita mjomba. "Niliona viti. Nilikuwa nangoja mniambie."

Kisha akalia, na mjomba wake akalia naye, na mimi mzima na mvi zangu nikageuka kuangalia mahindi. Nimekuwa nikitafuta funzo la kuwaachia, maana ukurasa huu haujazoea kwisha bila funzo, na uchovu wangu haunipi kubwa. Sina ugomvi na hadithi. Jiko lile ndani ya miwa liliwalea watoto wawili wakati sisi wakubwa tulipokuwa tukigombania maiti na kujaza fomu, na ningekuwa na akili siku ile ningevua kofia nikapiga hodi nami. Ninachosema ni kwamba mtoto aliyefiwa anajua. Ameona viti, ameona wembe, amesikia kupitia ukutani. Anangoja tu mmoja wetu aache kuangalia saa, aketi chini mbele yake na kulitamka neno lenyewe, ili baada ya hapo wabuni hadithi wakiwa wawili. Ukiwa na ndugu uliyefiwa naye, mwendee leo. Msingoje miwa.

Nilipoondoka walikuwa wamekwisha kunyolewa, vichwa viwili vinang'aa juani, wanakwenda katikati ya mahindi wakiwa wameshikana mikono. Msichana alikuwa amebeba kopo tupu la mafuta ya kupikia.